Maswali na Majibu: Okestra Inaposimulia Nchi Isiyokuwepo

Maswali mengi ya safari hii yanahusu muziki wa filamu za fantasia, hasa ule wa okestra kubwa na kwaya. Nimechagua sita. Mifano mingi naitoa kwenye *The Lord of the Rings*, filamu tatu zilizotoka kati ya 2001 na 2003, kwa sababu muziki wake, uliotungwa na Howard Shore wa Kanada, ndio nilioukalia kitako kuliko mwingine wowote.

Kwa nini filamu za majoka na wachawi lazima ziwe na okestra? Kinanda cha umeme hakitoshi?

Si lazima. Ila filamu ya namna hii inakuonyesha nchi ambayo haipo, kisha inakutaka uamini kwamba watu wameishi humo maelfu ya miaka. Majoka yanachorwa kwa kompyuta. Okestra ni watu wanaovuta pumzi. Ukiusikia upinde ukikwaruza uzi kabla noti haijatulia, unajua kuna mkono wa mtu pale.

Mbona wimbo uleule unarudi kila mara? Mtunzi aliishiwa?

Hasha! Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Waliozoea mashairi wanakijua kibwagizo, ule mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti. Kwenye filamu, mhusika, mahali au hata kitu hupewa kibwagizo chake, lakini hakirudi kilivyokuwa: hubadilika kadiri kisa kinavyobadilika. Mbinu hii ilikuzwa na Richard Wagner wa Ujerumani katika opera zake nne za *Ring*, zilizoonyeshwa zote kwa mfululizo mara ya kwanza mwaka 1876, na mtunzi Max Steiner akaitumia vilivyo katika filamu ya *King Kong* ya 1933.

Sikiliza kibwagizo ambacho Shore aliwapa wale wasafiri tisa ambao kisa cha *The Lord of the Rings* kinawafuata. Frodo na Sam, wawili kati yao, wanapoondoka kwao, unakisikia kidogo tu, kwa vyombo vichache. Wanapotimia tisa barazani Rivendell, makao ya rafiki zao, vyombo vya shaba vinakiimba chote, kifua mbele. Gandalf, mchawi wa kundi hilo, akishatumbukia shimoni katika mapango ya Moria, kinaanza kukatika vipande. Hakuna aliyefungua kinywa kusema kundi linavunjika, lakini okestra imeshakuambia.

Kisha kuna Isengard, ngome ya mchawi muovu Saruman. Muziki wake unakwenda kwa mapigo matano. Jaribu kugonga meza ukihesabu moja hadi tano, ukitilia nguvu ile moja. Mwili umezoea mbili au nne, kama hatua za miguu; pigo la tano linakukuta mguu ungali hewani. Juu yake vyuma vinagongwa, na minyororo inapigwa kwenye nyuzi za piano. Nimeusikia mara nyingi mno na bado unanitia wasiwasi uleule.

Kwaya inaimba kwa lugha gani? Kilatini?

Si Kilatini. Mengi ya maneno yale yalitafsiriwa na mwanaisimu David Salo katika lugha alizozibuni Tolkien mwenyewe, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hizo. Katika mapango ya Moria, kwa mfano, sauti nzito za wanaume zinaimba lugha ya mbilikimo waliochimba mapango hayo.

Muziki unawezaje kutua palepale upanga unapogonga ngao?

Kwa hesabu. Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni picha 12, yaani nusu sekunde. Sasa tuseme upanga unagonga sekunde ya 31. Mapigo 62 yameshapita, na ukiyapanga manne manne, upanga unaangukia pigo la tatu la kifungu cha kumi na sita, mahali pasipo na uzito kama wa pigo la kwanza. Mtunzi anaweza kukifupisha kifungu hicho kiwe cha mapigo mawili tu. Basi upanga unaangukia pigo la kwanza la kifungu kinachofuata, okestra nzima ikiwa pamoja. Wakati wa kurekodi, wanamuziki mara nyingi huvaa hedifoni zenye mlio wa tik-tik ili mtu asikimbie wala kubaki nyuma.

Ile sauti ya vikengele mwanzoni mwa *Harry Potter* ni ya chombo gani?

Ni selesta. Ina vibao kama piano, ila nyundo zake hugonga vipande vya chuma. Ilisajiliwa Paris mwaka 1886, mtunzi Mrusi Tchaikovsky akaipa umaarufu katika baleti yake *The Nutcracker* ya 1892, na John Williams, mtunzi wa muziki wa *Harry Potter*, akaichukua mwaka 2001.

Nikisikiliza bila picha napotea. Nianzie wapi?

Usianze na albamu nzima. Chukua kibwagizo cha Rohan, nchi ya wapanda farasi, katika filamu ya pili ya *The Lord of the Rings*. Kinapigwa kwa fidla ya Hardanger kutoka Norway, ambayo chini ya nyuzi zake nne ina nyingine nne au tano zisizoguswa na upinde. Hutetema zenyewe zile za juu zinapolia. Tafuta mahali fidla inapobaki karibu peke yake, uvae hedifoni. Ikinyamaza, kuna uvumi mwembamba unaochelewa kufifia. Ndizo zile nyuzi za chini.