Shangazi, wananitaka nimchinje mwanangu

*Shangazi, mimi ni mfalme wa Orchomenos, Boeotia, huku Ugiriki. Nilimwacha Nephele nikamwoa Ino, binti Cadmus wa Thebes. Mwaka huu ngano haikuota kabisa. Wajumbe wangu wamerudi kutoka Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo panapotolewa utabiri, wanasema njaa itakoma nikimchinja Phrixus, mtoto wa Nephele. Watu wamejaa mlangoni. Nifanyeje? – Athamas*

Pole sana, Mfalme. Kabla ya kushika kisu, shuka shambani uangalie magugu. Kama yameota, mvua ilinyesha na udongo hauna neno. Ubovu uko kwenye mbegu.

Chukua punje 20 zilizobaki kwenye vikapu vya kupandia, na 20 kwa jirani aliyevuna vizuri. Ziloweke usiku kucha, kila fungu kivyake, uzifunge kwenye vitambaa vibichi penye joto, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya nne mbegu nzima huwa zimetoa vijizizi vyeupe. Zako zikibaki kimya, usisingizie ukame, maana kitambaani maji yapo. Tafuna moja: ikivunjika kwa mlio na kunukia bisi, imekaangwa, kiini kimekufa kwa moto.

Mbegu zilikaa mikononi mwa wanawake. Waulize mmojammoja ni nani aliyewaambia wazikaange wanaume wasijue. Simtaji mtu, ila Phrixus akiondoka, kiti kinabaki kwa wanao wadogo, Learchus na Melicertes, na mama yao unamjua.

Wajumbe nao watenganishe. Waliuliza siku gani? Delphi huuliziwa tarehe 7 ya mwezi, na ile miezi 3 ya baridi Apollo huwa hayupo. Mkulima wa kwenu hupanda vuli, baridi ikafuata, basi hesabu mwenyewe kama Apollo alikuwepo. Mbuzi wa kafara alipomwagiwa maji baridi alitetemeka? Asipotetemeka, Pythia, yule kuhani wa kike anayetoa utabiri, hakai kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Majibu yao yakipishana, kuna aliyewalipa. Nenda mwenyewe, kutoka kwako ni kuzunguka mlima Parnassus tu.

Phrixus na dada yake Helle wapeleke kwa mama yao usiku huuhuu, wasikaribie mlima Laphystion palipo madhabahu ya mungu mkuu Zeus. Ino usimtupie umati, ana watoto wadogo. Ila funguo za ghala azirudishe leo.

Vile vitambaa vitundike mlangoni pako, watu wavione. Siku ya nne vifungue mbele yao, wahesabu wenyewe.