Mkondo Ukipanda Ghafla, Usipige Simu Nyumbani

Juzi nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa kemia aliyeko Dodoma: “Shikamoo dada. Nataka kutengeneza kichocheo cha kuvunja maji kama majani yanavyofanya. Nianzie wapi?” Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuisha. Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo ndilo lililonileta Ujerumani, na ndilo lililonifanya nijifungie chooni nikalia.

Najua utamu wake. Ndani ya jani la mchicha kuna kifundo cha atomi: manganisi 4, kalsiamu 1, na oksijeni 5 za kuziunganisha. Mwaka 2011 Jian-Ren Shen, Nobuo Kamiya na wenzao kule Japani walichunguza kifundo hichohicho kwenye bakteria wanaotumia mwanga wa jua, wakakiona kwa eksirei hadi kipimo cha angstromu 1.9, yaani karibu upana wa atomi moja. Umbo lake ni kama kiti kilichopinda. Kinang’oa elektroni 4, moja baada ya nyingine, kutoka kwa molekuli 2 za maji, halafu oksijeni inatoka. Wala hakihitaji iridiamu, metali adimu ya bei ya kuruka. Nani asingetaka kuiga?

Basi mimi nikaiga umbo. Miezi 14 nilipika molekuli yenye nikeli katikati na pete ya kaboni na nitrojeni kuizunguka, rangi ya chungwa, nzuri kweli. Nikaiyeyusha kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali, nikazamisha elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, nikawasha umeme. Siku ya kwanza mkondo ulikuwa wa kusikitisha. Siku ya tatu viputo vikaanza kupanda kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Siku ya tano mkondo umepanda mara 7. Usiku ule nikampigia mama Tanga, nikamwambia nimepata. Hakujua nimepata nini, ila alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kwenye kikao cha maabara, mtu mmoja, simtaji, akauliza bila hata kuinua macho kwenye kompyuta yake: “Chuma umepima?” Wenzake wakacheka. Mimi nimesimama pale mbele na grafu yangu, sijui kinachochekesha.

Kumbe potasiamu haidroksaidi ya dukani huja na chembe za chuma, kidogo mno, lakini nikeli huzinyonya, na nikeli yenye chuma hutoa oksijeni kwa kasi kubwa kuliko nikeli tupu. Mtafiti Dennis Corrigan aliliandika hilo mwaka 1987. Maabara ya Shannon Boettcher ikalifafanua upya mwaka 2014. Sikuwa nimesoma. Msimamizi wangu alikuwa amesoma, na hakuniambia. Hilo bado linaniuma, siwafichi.

Nikarudi maabara na hasira. Nikaichukua ile elektrodi, nikaisuuza, nikaizamisha kwenye alkali mpya isiyo na molekuli yangu hata moja. Viputo vikaendelea kama kawaida! Kwa hiyo pete yangu ya miezi 14 ilishavunjika zamani, imebaki utando mweusi wa nikeli tu juu ya elektrodi. Kisha nikasafisha alkali: unatengeneza nikeli haidroksaidi, tope la kijani, unaliosha, unalitikisa na alkali ndani ya chupa ya plastiki, unaliacha litulie usiku kucha, unamimina ya juu. Tope linabaki na chuma. Glasi weka mbali, alkali huila polepole na uchafu wake unaingia humohumo. Nikarudia jaribio. Siku ya tano, mkondo uleule wa siku ya kwanza. Kumbe aliyeupandisha ni chuma.

Kwa hiyo wadogo zangu, safisheni alkali. Pimeni chuma. Pimeni oksijeni yenyewe kwa kifaa, acheni kushangilia viputo. Na nasema tena, safisheni alkali. Kizazi hiki tunapenda kutangaza kabla ya kurudia jaribio, mimi nikiwa wa kwanza.

Jambo jingine, na hili nililijua kwa kuchelewa: jani lenyewe halina kichocheo cha kudumu. Protini ya D1, inayokishikilia kile kifundo, huharibiwa na mwanga huohuo unaoiendesha, na kwenye jua kali hubadilishwa ndani ya nusu saa hivi. Daniel Nocera na Matthew Kanan wa chuo cha MIT, Marekani, walipotoa kichocheo chao cha kobalti na fosfati mwaka 2008, kilichonivutia baadaye ni kwamba kobalti ikiyeyuka, fosfati huisaidia kurudi kujipaka kwenye elektrodi. Mimi nilihangaika na sura ya jani, wenzangu wakatazama linavyojitibu.

Mwezi uliopita makala yangu imekubaliwa, baada ya kukataliwa mara 2. Inahusu jinsi molekuli yangu inavyokufa, saa kwa saa. Yule wa “chuma umepima” alinipa mkono. Nikaupokea, kwa shingo upande.

Mama bado anawaambia majirani kwamba mwanawe amevumbua maji. Sijamsahihisha.