Video ya harusi GB 18, nitaifikishaje Dar?

SWALI: Habari fundi, mimi nashuti harusi hapa Moshi. Nina video moja ya GB 18, mteja yuko Dar. Email imegoma, na flashi yangu ya GB 32 inasema faili ni kubwa mno wakati iko tupu kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Flashi yako ni nzima usiitupe, hapa Arusha naletewa hizo kila wiki watu wanadhani zimekufa. Shida ni fomati, yaani mfumo flashi inaotumia kupanga mafaili, nyingi za GB 32 zinakuja na FAT32 na hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata nafasi iwe tele. Ichomeke, raiti kliki juu yake, chagua Format, pale kwenye File system toa FAT32 weka exFAT halafu Start. Inafuta kila kitu, kwa hiyo kama kuna picha za mtu humo hamisha kwanza, nakuomba sana. Baada ya hapo GB 18 inaingia vizuri tu.

Email sahau, Gmail mwisho MB 25. Google Drive, ile stoo ya mtandaoni, ya bure ni GB 15, na hizo unagawana na email na picha zako, haitoshi.

Kama mteja anaitaka kwa mtandao, njia mojawapo ni kuikata. Kuzip peke yake hakutapunguza kitu cha maana maana video tayari imebanwa, ila 7-Zip, programu ya bure ya kubana na kukata mafaili, ina sehemu ya Split to volumes, andika 1900m, utapata vipande 10 na kila kimoja kinapita WhatsApp kama dokumenti maana mwisho wake ni GB 2. Usitume kama video ya kawaida, itaminywa sura zote ziwe ukungu. Mteja aviweke vyote folda moja afungue kile cha 001, kikikosekana hata kimoja haifunguki.

Lakini piga hesabu ya spidi ya kuapload kwanza, sio ya kudaunlodi. Ukiwa na megabiti 5 kwa sekunde ni masaa 8 mfululizo, na bando linaisha kweli. Basi la asubuhi kutoka Moshi jioni lipo Dar, kwa hiyo mimi ningetuma flashi, tena ningeieject vizuri, yaani kuiaga kwenye kompyuta, kabla ya kuichomoa. Ile ya kwenye kompyuta usiifute mpaka mteja akupigie kwamba ameisogeza mpaka mwisho, sauti ipo na ndafu ameiona.