Mkasi Uweke Chini Kwanza: kwa mafundi wapya wa talli

Juzi nimemkuta tena mwanafunzi ametandaza mezani mtandio wa talli ya zamani, yaani wavu wa pamba uliotariziwa kwa vikanda vya madini, pateni ya sidiria juu yake, chaki mkononi. Nilipiga kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakauliza kuna nini. Wadogo zangu, nawapenda, na mnajifunza haraka kuliko tulivyojifunza sisi. Lakini kila kundi jipya linaloingia hapa Cairo kushona mavazi ya raqs sharqi, ngoma ya Kimisri ya kutikisa nyonga, linaanza na makosa yaleyale, na talli ndiyo inayoumia. Haya basi, nayaandika.

1. Jueni mmeshika nini. Chini kuna wavu wa pamba wenye matundu ya pembe sita, wavu wa mashine. Mwingereza John Heathcoat alisajili mashine ya kuufuma mwaka 1809, na ulipofika Misri wanawake wa Asyut na wa kisiwa cha Shandawil kule Sohag wakaufanyia kazi ambayo Waingereza hawakuiwazia. Fundi anachukua ukanda bapa wa shaba iliyopakwa fedha au nikeli, upana wake kama milimita 3, anautia kwenye sindano bapa, anahesabu matundu. Ukanda unapita, unavuka juu yake wenyewe, unabanwa kwa ukucha, unakatwa. Hakuna fundo popote. Ngamia, maharusi, mitende, misalaba, almasi, vyote vinashikiliwa na mkunjo wa madini tu. Kwa hiyo mtandio uliojaa vizuri unaweza kupita kilo moja, na uzito wote huo unaning'inia kwenye nyuzi za pamba ambazo huenda zina umri wa bibi yako.

2. Geuzeni nyuma. Talli ya kweli inang'aa pande zote mbili na ukiipapasa unaihisi vipele vipele. Ile inayong'aa mbele tu imepigwa chapa, muuzaji wa soko la Khan el-Khalili aseme atakalo. Na mteja akitoka Dubai au Muscat akaomba talli, muulizeni kwanza anataka ipi, maana kule Ghuba jina hilo ni la utepe unaosukwa kwa nyuzi za fedha na kushonwa kwenye shingo na mikono ya nguo. Wenyeji wa Falme za Kiarabu wameuingiza kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022. Ni kazi nzuri mno, ila ni nyingine kabisa.

3. Wavu unavutika upande mmoja zaidi ya mwingine. Uvuteni kwa vidole kabla ya kupima chochote. Jalabia ya baladi, lile gauni refu la kuchezea ngoma ya kienyeji, ikishaunganishwa, ivisheni mwanasesere wa kushonea ilale hapo usiku kucha, ndipo mpime urefu, kwa sababu itashuka. Mabegani ishonewe utepe wa pamba ndani ubebe mzigo.

4. Mkasi. Hapa nisikilizeni, kwa sababu hili limetoka kwangu.

Alikuja mchezaji kijana na mtandio wa bibi yake, mzee wa Asyut. Ulikuwa na msafara wa harusi kutoka ncha hadi ncha: ngamia aliyebeba bibi harusi, watu wameshikana mikono, miti, kisha almasi ndogondogo pembezoni. Alitaka bedla, yaani sidiria na hizamu (mkanda wa nyonga), avae siku anaanza kazi kwenye boti la Nile. Mwenye warsha alikuwa safarini. Nilijua, nasema nilijua, kwamba kitu kile hakikatwi. Lakini mteja alisema kata, na mimi nilitaka sana kuonyesha kwamba naweza kumaliza kazi kubwa peke yangu. Pembeni pateni hazikutosha. Nikakata katikati ya msafara.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Ili ngamia wasimame wima kwenye hizamu, niliugeuza wavu, na upande unaovutika ukazunguka nyonga. Kwenye mwanasesere ulikaa vizuri. Siku ya mazoezi, alipoanza tu kutikisa nyonga, hizamu ikanepa, na wavu ukachanika palepale ambapo madini yameisha na pamba tupu imeanza, maana hapo ndipo mvuto wote unapokutana. Alisimama, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akaniuliza watu wengine wa harusi wako wapi.

Nilimletea vipande kwenye mfuko. Nilijaribu kuviunganisha. Haikuwezekana: mkasi ulikuwa umekula mstari wa matundu kila upande, mikono ya wale watu haikufikiana tena, na wavu mpya niliounganishia ulikuwa na matundu ya ukubwa mwingine, kwa hiyo hata ukanda mpya haukufuata hesabu ya zamani. Sikudai ujira, wala yeye hakudai fidia. Aliondoka na mfuko wake. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu njia ilikuwepo na ilikuwa rahisi: unashona hizamu ya kitambaa kigumu, unalaza mtandio mzima juu yake ukiwa umekunjwa, unaushika kwa mishono mirefu ya mkono inayofunguka. Mchezaji anacheza, akistaafu mtandio unarudi sandukuni kwao. Sikumwambia hivyo. Mteja hakuwa na sababu ya kujua. Mimi nilikuwa nayo.

Kwa hiyo sheria ya meza hii ni moja: talli ya zamani haikatwi, hata mwenyewe akiomba kwa machozi. Akisisitiza, aende kwingine. Na wataendelea kuja. Tangu kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 na watalii kumiminika, mitandio mingi imekwenda Ulaya na Marekani, na kule California mchezaji Jamila Salimpour na kundi lake la ngoma, Bal Anat, waliipandisha jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanaofuata mkondo ule wanaitafuta ile nzito ya zamani mpaka leo. Wapeni ya zamani ikiwa nzima, au wauzieni mpya kutoka Shandawil ambako wanawake bado wanaifanya. Hiyo mpya ndiyo ya kukata, na pesa inamfikia aliyeitarizi.

5. Cherehani: usipitishe juu ya madini, sindano itavunjika, shona kwa mkono, au ondoa vikanda vya kwenye mshono kwanza. Wavu huu haufumuki, pindo halihitajiki. Shanga za kuning'inia na talli havikai nguo moja, zitainasa na kuivuta.

6. Jasho na manukato huifubaza fedha, basi bitana ya pamba kwapani kila mara, na mchezaji ajipulizie kabla ya kuvaa. Dawa ya kung'arisha fedha isikaribie wavu. Isifuliwe kwa mashine, isitundikwe kwenye henga, isikunjwe mkunjo uleule kila siku kwani ukanda hukatika. Viringisheni kwenye bomba la karatasi nene lililofunikwa shuka safi ya pamba.

Jumamosi tunaanza na kuhesabu matundu. Njooni na kucha fupi, pete mziache nyumbani, na mikasi yote itakaa kwenye droo yangu mpaka niseme.