Re: Kwadi ya 4x4 ya shamba, mpya ya bei rahisi au Honda kuukuu?

Salama mkuu. Unataka kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya kuvuta trela ya maji shambani Kitengela, na wikendi ya kujivinjari, na umekwama kati ya mpya isiyojulikana na Honda TRX420 iliyotumika. Kwa ule udongo mweusi, chukua Honda. Nguvu ya injini hufika magurudumuni kwa gia, si kwa mkanda wa mpira. Kwadi ya mkanda ikivuta mzigo polepole kwenye tope, mkanda huteleza, hupata moto na kuungua.

Kwanza jaribu 4x4 yenyewe. Taa ya dashibodi si ushahidi. Weka magurudumu ya nyuma kwenye tope au kokoto, vuta eksileta kidogo: ya nyuma yakiteleza, ya mbele lazima yavute.

Kisha piga magoti uangalie mipira inayofunika jointi za ekseli, hasa mikunjo ya ndani. Ikipasuka, mchanga huingia, grisi hutoka, na ukikata kona utasikia tak-tak-tak. Fungua oili ya difu ya mbele (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele). Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Ekseli nzima ya nyuma (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili) inakufaa zaidi kwa trela, ingawa itakurusharusha wikendi.

Usilipe kabla hujauliza bei ya spea Kirinyaga Road, Nairobi.