Barua kwa mwanangu anayeombwa kugombea udiwani

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, baba yako goti linamsumbua kila mvua zikianza lakini anatembea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kama nimekuelewa, wenzako wa tawi la chama cha Labour hapo Birmingham wanataka ugombee udiwani, na wewe hujui kama uendelee kufundisha hisabati au uingie huko. Halafu mwalimu mwenzako akakutia baridi: "Hata Estelle Morris alikuwa mwalimu kama wewe, akapewa wizara ya elimu, akaishia kusema kazi imemshinda." Unaniuliza kama ni kweli, na kama mwalimu akiingia siasa ndiyo mwisho wake huwa huo.

Estelle Morris namkumbuka vizuri. Mwaka 2002 nilikuwa bado nashika chaki, na ofisini kwetu kisa chake kilizua ubishi mkubwa kuliko hata mshahara uliochelewa. Mwenzako hajakudanganya, ila amekusimulia siku moja ya maisha marefu.

Alizaliwa Manchester mwaka 1952 katika nyumba iliyoijua siasa. Baba yake, Charles Morris, alikuwa mbunge wa Openshaw. Baba yake mdogo, Alf Morris, ambaye naye alipata kuwa mwalimu, alikuwa mbunge pia, na ndiye waziri wa kwanza wa Uingereza kupewa jukumu la watu wenye ulemavu. Ungedhani binti wa ukoo huo ametandikiwa mkeka tangu utotoni. Kumbe mtihani wa A-level, yaani kidato chao cha sita, alifeli. Akaenda chuo cha ualimu Coventry, na mwaka 1974 akaanza kazi katika shule ya Sidney Stringer, mtaa wa Hillfields, kwa watu wa kipato kidogo, ambako watoto wengi walikuwa wa familia zilizohamia kutoka bara Hindi. Akafundisha michezo na masomo ya jamii, baadaye akawa msimamizi wa wanafunzi wa kidato cha sita. Ndiyo, yeye aliyeufeli mtihani huo akawa analea wanaousubiri.

Alikaa hapo miaka 18. Wewe una miaka sita na tayari unaniambia umechoka na mikutano ya wazazi! Miaka 18 shule moja maana yake umefundisha mtoto, ukamfundisha mdogo wake, na yule wa kwanza amerudi getini anamleta wa kwake kuandikishwa. Wanasiasa wengi wanaozungumzia elimu hawajawahi kuisimamia hata zamu ya chakula cha mchana.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalokuhusu. Hakuacha ualimu ili aingie siasa. Mwaka 1979, akiwa bado anafundisha Coventry, alichaguliwa diwani katika halmashauri ya jirani ya Warwick, akadumu humo hadi 1991, na kwa muda akaongoza kundi la madiwani wa Labour. Miaka kumi na miwili mchana darasani, jioni kikaoni. Huko ndiko alikojifunza kusoma bajeti, kupanga kura, na kukaa meza moja na mtu asiyekubaliana naye bila kumrushia faili. Mwaka 1992 akagombea ubunge wa Birmingham Yardley, si mbali na unapopanda basi lako. Labour walishindwa nchi nzima mwaka ule, John Major akabaki Waziri Mkuu, lakini Yardley ikachukuliwa na mwalimu wetu kwa tofauti ya kura 162. Kura 162, mwanangu, ni madarasa matatu tu ya shule niliyostaafia mimi.

Labour waliposhinda mwaka 1997 akaingia wizara ya elimu kwa ngazi ya chini, akapanda, na Juni 2001 Waziri Mkuu Tony Blair akampa wizara yenyewe, akichukua nafasi ya David Blunkett. Walimu wakashangilia. Mmoja wao, aliyefundisha shule ya kawaida ya serikali, amekalia kile kiti!

Hazikupita siku nyingi. Mwezi Juni 2002 alisema hadharani kwamba kama mwalimu wa zamani, kuna shule akiingia anatamani kufundisha hapo, na kuna nyingine asingezigusa hata kwa mti mrefu. Wewe na mimi tunajua maneno hayo yanatoka wapi. Ni maneno ya ofisini kwa walimu, saa ya chai, mlango umefungwa. Kila mmoja wetu amewahi kuyasema juu ya shule fulani. Lakini akiyasema waziri, mwalimu aliyeko katika shule hiyo husikia kwamba hata mwenzake amemkana. Nadhani hapo ndipo ilipoonekana mapema kwamba ulimi wa darasani na kipaza sauti cha uwaziri havijazoeana.

Kisha ikaja Agosti na Septemba, mambo yakamwagika yote kwa pamoja. Serikali ilikuwa imeanzisha ofisi mpya ya kukagua kumbukumbu za uhalifu za watu wanaofanya kazi na watoto, ofisi ikaelemewa, walimu wakakwama bila vibali, na baadhi ya shule zikachelewa kufunguliwa. Wakati huohuo yakatoka matokeo ya kwanza kamili ya mfumo mpya wa A-level, na wakuu wa shule wakalalamika kwamba alama zimeshushwa makusudi. Ukafanyika uchunguzi, karatasi zikapitiwa upya, na karibu wanafunzi 2,000 wakapandishiwa alama. Yeye akamfukuza kazi Sir William Stubbs, mkuu wa chombo kilichosimamia mitihani, naye Stubbs hakunyamaza. Juu ya hayo kulikuwa na malengo ya shule za msingi: mwaka 2002 watoto wa miaka 11 waliotakiwa kufikia kiwango walikuwa asilimia 80 kwa Kiingereza na 75 kwa hisabati. Walifika 75 na 73. Wapinzani wakachimbua kumbukumbu za Bunge za mwaka 1999, ambako alikuwa ameahidi kwamba malengo hayo yakikosekana ataachia ngazi.

Tazama lakini. Malengo hayo na huo mfumo mpya wa mitihani vilianzishwa enzi za Blunkett. Morris alikuta mtoto amezaliwa, akaambiwa alipe ada.

Tarehe 23 Oktoba 2002 akajiuzulu. Katika barua yake kwa Blair alieleza kwamba amejifunza anachokiweza vizuri na anachokiweza kidogo. Kushughulikia masuala yenyewe ya elimu na kuzungumza na walimu, hayo anayaweza. Kuendesha mikakati ya idara kubwa namna ile, anayaweza kidogo. Kukabiliana na vyombo vya habari vya siku hizi, hawezi. Akasema hajawa na ufanisi ambao yeye mwenyewe anautaka na ambao Waziri Mkuu anauhitaji.

Hapo ndipo mimi na baba yako tuligombana, na hadi leo hatujapatana. Yeye anasema alikimbia. Ananitajia Mzee Mwinyi, mwalimu wa Mangapwani aliyefika Ikulu, aliyeachia Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliouawa mikononi mwa polisi kule Mwanza na Shinyanga. "Huko ndiko kuwajibika," anasema, "yule mama alichoka tu." Mimi nasema hayo ni mambo mawili tofauti. Mzee Mwinyi alibeba kosa lililotendwa na walio chini yake, na heshima yake ilikua kwa hilo. Estelle Morris hakuwa na maiti wala wizi wa kujibia. Aliipima kazi yake mwenyewe, kipengele kwa kipengele, kama tunavyosahihisha insha: hapa umepata, hapa nusu, hapa hukupata. Wanaomsifu kwamba alikuwa mnyenyekevu nao wanampunja. Mnyenyekevu angesema "mimi si lolote". Yeye aliandika wazi kabisa kwamba yapo anayoyaweza, na akayataja.

Ninalomlaumu ni jingine. Alizitangaza alama zake mbele ya watu wasiojua kusahihisha. Magazeti yalisoma ile nusu ya pili peke yake, na miaka zaidi ya ishirini baadaye mwalimu mwenzako bado anairudia hiyohiyo nusu. Wanaume wangapi wamekaa wizarani wakiwa na udhaifu uleule na hawakuandika chochote?

Tena hakuishia hapo. Mwaka 2003 alirudi serikalini kama waziri wa sanaa, cheo cha chini kuliko kile alichoacha, na hakuona aibu. Mwaka 2005 hakugombea tena, akaingia Baraza la Malodi, yaani bunge lao la juu, akijiita kwa jina la jimbo lake, Baroness Morris wa Yardley, na huko ameendelea kusemea elimu.

Kwa hiyo jibu langu: gombea, lakini darasa usiliache. Udiwani kwenu hauna mshahara, una posho tu, na sheria inamtaka mwajiri akupe muda wa kiasi kwa shughuli za umma. Kama utaona vikao vinakukausha, utakuwa bado una kipindi cha asubuhi na watoto wanaokusubiri. Na kama utaona unaviweza, utaviweza ukiwa umevijaribu kweli.

Uraia usikutie hofu, Tanzania ni nchi ya Jumuiya ya Madola, na wewe kibali chako cha kudumu unacho. Kinachonitia wasiwasi ni mwajiri wako. Sheria ya huko ya mwaka 1972 inamzuia mtu aliyeajiriwa na halmashauri kuwa diwani wa halmashauri hiyohiyo. Ndiyo maana nimekutajia kwamba Morris alifundisha Coventry akawa diwani Warwick. Kama shule yako iko chini ya taasisi inayojitegemea, mambo ni mengine; kama mkataba wako ni wa Jiji la Birmingham, hapo huwezi kugombea ukabaki kazini. Hao wa tawi wamekuuliza hilo? Toa mkataba wako, usome mwajiri ni nani, uniandikie kabla hujatia sahihi fomu yoyote.

Mama yako