Inveta imeandikwa 3000 lakini haibebi wati 3000, je ni feki?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Kibaha, huku Tanesco wanakata sana nikaamua kununua inveta ya Victron, imeandikwa MultiPlus 24/3000/70-16. Dukani wakaniambia hiyo ni ya wati 3000. Nina betri 2 za gel za 200Ah (ampea-saa) na paneli za sola. Umeme ukiwepo kila kitu kinakubali, jiko la plate mbili, friji, tv na taa. Ukikatika asubuhi mapema inabeba vizuri tu, lakini ukikatika mchana haimalizi hata nusu saa inaanza kulia ovalodi, inazima. Nimepiga hesabu mzigo wangu wote ni kama wati 2300. Je nimeuziwa feki? Kuna jamaa ananishauri niiuze nichukue nyingine ya wati 5000 ya volti 12, bei karibu nusu ya hii. Na nataka niongeze pampu ya kisima ya HP 1.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza hujauziwa feki, nakwambia mapema kabla hujaenda kugombana na mtu dukani. Ila aliyekwambia ni wati 3000 alikujibu vibaya, na hili jambo linaniuma kwa sababu watu wanatoa hela nyingi kabisa, wengine za mkopo, wananunua namba iliyoandikwa mbele ya boksi wakidhani ni wati, kumbe aliyeipa inveta hilo jina hakuwa anazungumzia wati.

Tulisome jina lako taratibu. 24 ni volti za betri. 3000 ni VA (volti mara ampea, nitakueleza hapo chini), sio wati. 70 ni ampea za chaja iliyomo humo ndani. Hiyo 16 ya mwisho ni ampea ambazo swichi ya ndani inaruhusu zipite kutoka Tanesco kwenda nyumbani kwako. Kwahiyo kwenye jina zima hakuna wati hata moja. Wati ziko kwenye karatasi ya vipimo, na kwa hiyo MultiPlus utakuta wati 2400 joto likiwa nyuzi 25, alafu 2200 joto likifika nyuzi 40. Na hapo wanaongelea hewa inayoizunguka inveta, sio joto la nje unaloambiwa kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Sasa rudi kwenye swali lako, mzigo wati 2300. Asubuhi mapema chumba kimepoa, inveta iko kwenye 2400 yake, inabeba. Mchana, kama umeifunga stoo yenye bati juu bila dari, au kwenye kabati kama nilivyoona nyumba nyingi wanafanya ili ionekane nadhifu, humo ndani 40 inafika bila shida, inveta inashuka kwenye 2200 na wewe bado unaidai 2300, lazima ilie. Haina ugonjwa, inajilinda. Na umeme wa Tanesco ukiwepo kila kitu kinakubali kwa sababu wakati huo inveta haizalishi chochote, inapitisha tu, na ampea 16 kwa volti 230 ni kama 3680, ndio maana jiko halina shida. Watu wengi hapa ndio wanapojichanganya, wanaijaribu inveta umeme ukiwepo, wanaona imebeba jiko, wanaondoka dukani wameridhika.

Kuhusu VA na wati, nisikuzungushe. Wati ni kazi inayofanyika kweli, VA ni volti mara ampea zinazopita kwenye waya. Kwa pasi, jagi la kuchemshia maji, jiko la koili, hizo mbili ni sawa, jagi la wati 2000 ni VA 2000. Kwa vitu vyenye mota, na hata zile taa za LED za bei chee, ampea zinazopita ni nyingi kuliko kazi inayofanyika, unaweza kukuta taa imeandikwa wati 9 inavuta VA 15 au zaidi. Inveta inabanwa na vyote viwili, haitakiwi ivuke VA zake na haitakiwi ivuke wati zake, na kwako kilichofika mwanzo ni wati kwa sababu mzigo wako mkubwa ni jiko. Kwahiyo mtu akikwambia "hii ni KVA 3" (yaani VA 3000) muulize hapohapo, wati ngapi mfululizo, kwenye joto gani. Akishindwa kukujibu muombe karatasi ya vipimo, kama hana itafute kwenye simu kwa jina kamili la modeli, herufi zote mpaka ya mwisho, usiishie kwenye "Victron elfu tatu" au "Growatt elfu tano".

Nasema mpaka herufi ya mwisho kwa sababu namba moja ina maana tofauti kwa kila kiwanda. Chukua hiyo 5000. Victron MultiPlus-II 48/5000 ni VA 5000, wati ni 4000 kwenye nyuzi 25. Growatt SPF 5000 ES ni VA 5000 na wati 5000 pia. Axpert za Voltronic, ile MKS 5K ya zamani ilikuwa KVA 5 kwa wati 4000, baadae zikaja za KVA 5 kwa wati 5000, na ukizitazama kwa mbali unaweza usione tofauti. Alafu hao Voltronic ni kiwanda cha Taiwan kinachotengeneza inveta zinazouzwa kwa majina mengi sana ya watu wengine, kwahiyo unaweza kukuta maduka mawili yanabishana inveta ya nani ni bora kumbe zote zimetoka sehemu moja, jina la mbele tu ndio tofauti. Hawa wote hawajadanganya, kila mmoja karatasi yake inasema ukweli. Anayeumia ni mnunuzi aliyelinganisha 5000 na 5000 akachukua ya bei ya chini.

Hata kiwanda kimoja hakitumii namba kwa mtindo mmoja. Victron hiyohiyo wana chaja ya sola inaitwa SmartSolar MPPT 100/30. Kama umeshazoea kwamba namba ya kwanza ni volti za betri, hapo utapotea, 100 ni volti za juu kabisa zinazoruhusiwa kutoka kwenye paneli na 30 ni ampea zinazoenda kwenye betri. Na hapa kuna hasara kubwa nimeona inawapata watu: paneli za sasa za wati 550, nyingi zinatoa karibu volti 50 zikiwa hazina mzigo, fundi anaunga 2 kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine volti zinajumlishwa, anapata 100 au pungufu kidogo, anasema imetosha, alafu asubuhi kuna baridi volti zinapanda, zinavuka 100 na chaja inakufa. Kwahiyo na wewe angalia chaja yako ya paneli imeandikwa nini na paneli zako nyuma zimeandikwa Voc (hizo volti za bila mzigo) ngapi, hujaniambia.

Sasa hiyo ya jamaa yako, wati 5000 volti 12. Hii naomba uisome polepole. Wati 5000 gawanya kwa volti 12 ni ampea zaidi ya 416, na ukiongeza zinazopotea ndani ya inveta unapita 450. Waya wa kubeba ampea 450 bila kuchemka ni mnene kiasi kwamba hata kuupinda ni kazi, na betri za kutoa ampea hizo ni rundo zima. Ukiona boksi limeandikwa 5000W na ndani wamekuwekea viwaya viwili kama vya kubusti gari, hiyo 5000 haipo. Kuna njia ya kuhakiki ambayo haihitaji kipimo chochote: muombe muuzaji muone fyuzi za upande wa betri, nyingi ya hizo inveta zina fyuzi za gari zimepangwa ndani au nyuma. Zihesabu. Ukikuta 4 za ampea 40 ina maana mwisho wake ni ampea 160, mara volti 12 ni wati 1920, na hapo ndio mwisho kabisa kabla fyuzi hazijakatika, kufanya kazi mfululizo ni chini ya hapo. Fyuzi haziwezi kudanganya kama stika.

Hiyo 5000 yao wanaitoa wapi? Mara nyingi ni "peak", yaani nguvu ambayo inveta inaweza kuitoa kwa nukta moja au chini ya hapo mota inapoanza. Hata MultiPlus yako inafika kama mara mbili ya wati zake kwa muda mfupi hivyo, ila wao hawakuiandika kwenye jina. Kwahiyo ukienda kwa mtindo wa majina, yako ya 3000 inaonekana ndogo kwa ile ya 5000, wakati kwa kazi ya kweli ya kutwa nzima yako inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Na nyingi ya hizo sio pure sine wave, yaani hazitoi umeme laini kama wa Tanesco, umeme wake una kona kona, mota ya friji inanguruma na inachemka, baada ya miezi unaanza kumlaumu aliyekuuzia friji. Usiiuze inveta yako.

Wengine watakwambia pima kwa uzito, nzito ndio nzuri. Sio kweli moja kwa moja. Zenye transfoma kubwa kama yako ni nzito, lakini zipo nyepesi zisizo na transfoma hiyo, kama hizo Growatt, na zinabeba wati zilizoandikwa bila shida, ingawa kwenye kuamsha mota ngumu zile nzito kwa kawaida zinavumilia zaidi. Uzito ukutie mashaka pale tu mtu anapokwambia ina transfoma alafu unaibeba kwa vidole viwili.

Turudi kwako maana kuna jambo kubwa kuliko inveta na hukuliuliza. Betri zako 2 za 200Ah ukiziunga kupata volti 24 zinabaki 200Ah, jumla yake ni kama wati saa 4800, na gel hutakiwi kuzimaliza, tuseme unatumia nusu, 2400. Mzigo wako ni 2300. Piga hesabu mwenyewe, ni saa moja tu, na kiukweli haifiki saa, kwa sababu betri za aina hiyo ukizivuta kwa ampea 100 na ushee zinatoa pungufu ya zilichoandikiwa. Hiyo 200Ah kwa kawaida imepimwa kwa kuvuta polepole, masaa 10 au 20, nayo ni namba ya jina kama zile zingine. Kwahiyo hata ungekuwa na inveta ya wati 5000 za kweli, jiko lingekumalizia betri kabla ubwabwa haujaiva. Jiko litoe kabisa kwenye laini ya inveta, mwite fundi wa umeme alirudishe kwenye laini ya Tanesco peke yake, umeme ukikatika pika kwa gesi. Bila jiko mzigo wako ni friji, tv na taa, wati 300 hivi, hapo inveta hiyohiyo uliyotaka kuiuza itakaa masaa mengi bila kulia na betri zitadumu.

Na ile 70 ya kwenye jina usiione kama sifa tu. Ni ampea nyingi kwa betri zako, gel za 200Ah inatakiwa uzichaji kwa kama ampea 40, sio 70, na fundi aliyefunga asipoishusha kila umeme ukirudi betri zinasukumiwa moto. Inaweza kushushwa kwenye seti zake, mwambie aliyekufungia afanye hivyo, na wakati huohuo achague aina ya betri iwe gel. Hii ifanye wiki hii, usingoje. Inveta yenyewe kama iko stoo au kabatini itoe, au utoboe matundu ya hewa juu na chini, iache nafasi pande zote.

Pampu. Nayo jina lake linachanganya lakini kwa upande wa pili. HP 1 ni wati 746, mtu anaandika 750 kwenye hesabu yake anafurahi. Ila kwenye mota, nguvu iliyoandikwa kwenye kibati ni inayotoka kwenye shafti kusukuma maji, sio inayoingia kutoka kwenye waya, kwahiyo hiyo pampu itavuta wati 1000 mpaka 1150 ikiwa inakimbia. Na wakati wa kuanza inadai ampea mara 5 au 6 ya hizo kwa muda mfupi, ambapo hata inveta yako itakuwa kwenye mpaka, leo inaamsha, kesho betri zimeshuka kidogo inagoma. Mimi nisingeiweka kwenye inveta. Kama Tanesco wanakuwepo masaa kadhaa kwa siku weka tenki juu, pampu ijaze umeme ukiwepo. Kama kisima ni kirefu na unataka jua lifanye kazi, chukua pampu ya sola ya DC yenye kontrola yake na paneli zake, isiguse betri zako kabisa.

Pampu usiilipie bado. Nitumie picha ya kibati cha mota, niambie kina cha kisima na maji yanasimama mita ngapi kutoka juu, alafu piga na picha ya nyuma ya paneli na ya chaja ya sola, tuangalie hizo volti kabla baridi ya mwezi wa 7 haijafika.